Miaka minane kabla ya meli: DiCaprio alivyopikwa akapikika

KWA wengi wetu, Leonardo DiCaprio alizaliwa baharini. Tulimwona kwa mara ya kwanza akiwa amesimama kwenye omo ya meli, upepo ukimpeperusha nywele, katika filamu ya Titanic iliyoanza kuonyeshwa Marekani mnamo Desemba 19, 1997. Huku kwetu wapo walioitazama katika majumba ya sinema, lakini wengi zaidi waliifaidi kupitia kanda za video zilizonakiliwa na kunakiliwa tena hadi bahari yenyewe ikafifia rangi.

Nasi wa meza ya uhariri hatukuwasaidia wasomaji. Tulizoea kumbandika jina la "kijana wa Titanic" katika kila kichwa cha habari, kwa sababu maneno hayo yalienea barabara katika upana wa safu mbili. Kichwa kifupi ni kitamu, ila kina tabia mbaya ya kumeza historia ya mtu.

Ukweli ni kwamba meli hiyo ilipong'oa nanga, kijana huyo wa miaka 23 alikuwa amefanya kazi ya uigizaji kwa takriban miaka minane. Alikuwa ameshiriki filamu ndefu zipatazo tisa, ameteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na amezikataa pesa ambazo watu wa ukoo wake hawakuwahi kuziota. Zaidi ya yote, filamu nyingi kati ya hizo hazikuwa zimeleta faida ya maana. Anayetaka kuelewa jinsi mwigizaji anavyojengwa, badala ya jinsi anavyotangazwa, ana mengi ya kujifunza katika miaka hiyo kuliko katika miezi ile ambapo picha yake ilitundikwa katika kuta za vyumba vya wasichana duniani kote.

DiCaprio alizaliwa Los Angeles, jimbo la California, Novemba 11, 1974. Mamake, Irmelin, ni mzaliwa wa Ujerumani. Babake, George DiCaprio, alikuwa mwandishi na msambazaji wa vitabu vya vibonzo, vile visivyouzwa katika maduka ya watu waungwana. Jina la Leonardo, kwa mujibu wa simulizi ya familia, lilitokana na teke: mama mjamzito alikuwa Italia akitazama mchoro wa Leonardo da Vinci, mtoto akacheza tumboni kwa kishindo. Wazazi walitengana mtoto angali mchanga, na mama ndiye aliyemlea, akifanya kazi ya ukarani katika afisi za mawakili, ingawa baba hakuwa mbali naye.

Hapa yafaa msomaji aondoe dhana moja. Hollywood ya nyota zilizochongwa kando ya barabara na majumba ya kifahari yaliyojificha vilimani siyo Hollywood aliyokulia mtoto huyu. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyowaona watumiaji wa dawa za kulevya na makahaba vichochoroni alipokuwa akienda na kurudi. Studio za filamu zilikuwa karibu, lakini ukaribu huo ulikuwa kama wa mvuvi maskini na bandari kuu: meli anaziona, shehena si yake.

Kilichomfungua macho ni pesa. Kaka yake wa kambo alikuwa ameshiriki matangazo ya biashara na kulipwa vizuri, na Leonardo mdogo akapiga hesabu zake. Mtoto aliyewachekesha wenzake shuleni kwa kuwaigiza walimu aligundua kwamba kumbe kitendo kilichokuwa kikimletea adhabu kingeweza kuiletea nyumba yao mkate. Akaanza kumsumbua mamake ampeleke kwenye usaili. Alipokuwa akipokea tuzo mwaka wa 2016, akiwa mtu mzima wa miaka 41, bado aliwashukuru wazazi wake kwa kumsikiliza mtoto msumbufu wa miaka 13 aliyetaka kupelekwa kwenye usaili kila siku baada ya masomo.

Usaili ni neno jepesi kwa shughuli inayochosha roho. Wakala humpigia mzazi simu. Mzazi huacha kazi yake, humchukua mtoto shuleni na kuvuka jiji. Kisha wote wawili huketi katika chumba kilichojaa watoto wengine wa rika lile lile, urefu ule ule na nywele za rangi ile ile. Kila mmoja huingia, husoma mistari kadhaa kwa dakika chache, huambiwa asante, hutoka. Simu isipolia, jibu ni hapana. Wakala huchukua asilimia kumi ya malipo, kwa hivyo mtoto asiyepata kazi hana faida kwake, na mara nyingi hutemwa bila hata barua.

Mmoja wa mawakala hao ndiye aliyemwambia kijana kwamba jina lake lilikuwa na ladha ya kigeni mno. Akamshauri ajiite Lenny Williams. DiCaprio amekisimulia kisa hiki katika mahojiano mengi, na kila mara humtaja babake aliyeikataa karatasi hiyo katakata. Tusilichukulie jambo hili kuwa mzaha. Biashara ya filamu ya Marekani ilikuwa na mazoea ya miongo mingi ya kuwabatiza upya Wayahudi, Waitaliano na wengineo ili majina yao yateleze mdomoni mwa mtazamaji wa mashambani. Kijana wa miaka kumi na kitu aliye na njaa ya kazi angeweza kukubali. Kwa kukataa, yeye na babake walikuwa wamekubali kungoja zaidi.

Walingoja. Matangazo yakaja kwanza, likiwemo moja la magari madogo ya kuchezea. Mwaka wa 1989 akaonekana katika kipindi cha runinga cha The New Lassie, kinachomhusu mbwa maarufu. Mwaka uliofuata alipata nafasi ndogo katika tamthilia ya Santa Barbara, kisha nafasi kubwa zaidi katika Parenthood, kipindi kilichotokana na filamu ya jina hilo. Kipindi hicho kilifutwa kabla hakijatimiza mwaka.

Katika hatua hii mtu wa kwetu angeuliza: na pesa za mtoto hushikwa na nani? Swali ni la haki, na jibu lake lina historia chungu. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka wa 1921, alichuma mamilioni ya dola akiwa bado mdogo. Alipofika utu uzima alikuta mamake na baba wa kambo wametumia karibu zote. Aliwashtaki mwaka wa 1938 na kuambulia takriban dola 126,000. Kutokana na kisa hicho California ilipitisha sheria mwaka wa 1939, ijulikanayo hadi leo kwa jina la Coogan, ya kulinda sehemu ya mapato ya mtoto.

Lakini sheria hiyo ilivuja kama pakacha. Iligusa tu mikataba ya muda mrefu iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa. Vibarua vya siku mbili tatu, ambavyo ndivyo vingi, vilipita kando. Ilirekebishwa kuanzia Januari 2000, ndipo ikatamkwa wazi kwamba mapato ni mali ya mtoto mwenyewe na kwamba asilimia 15 lazima iwekwe katika akaunti maalumu. Kwa maneno mengine, watoto wa enzi ya DiCaprio walifanya kazi chini ya mwavuli wenye matundu, na usalama wa pesa zao ulitegemea zaidi uaminifu wa wazazi. Wake walikuwa waaminifu. Si wote waliobahatika hivyo.

Sheria nyingine, ile ya saa za kazi, ilikuwa kali zaidi, nayo ina athari ambayo watazamaji hawaioni. Siku za shule, mtoto anayeigiza California hana budi kusomeshwa saa tatu papo hapo pa kazi, na mwenye umri wa kati ya miaka tisa na 15 haruhusiwi kuigiza zaidi ya saa tano kwa siku. Ndiyo maana watayarishaji hupenda vijana waliovuka miaka 18 lakini wenye sura za miaka 14. Sura ya DiCaprio ilichelewa kukomaa. Umbo hilo jembamba lililomwongezea mapenzi ya mashabiki baadaye lilikuwa, kwanza kabisa, mtaji wa kikazi.

Filamu yake ya kwanza ni ya kuchekesha ukiifikiria leo. Critters 3, ya mwaka wa 1991, inahusu vijidude vyenye meno makali vinavyovamia jengo la wapangaji. Haikupelekwa hata kwenye majumba ya sinema. Ilitiwa moja kwa moja kwenye kanda za video. Mwaka huo huo alijiunga na Growing Pains, kipindi cha vichekesho vya kifamilia kilichokuwa kikiyumba katika msimu wake wa mwisho. Aliigiza Luke Brower, kijana asiye na makao anayepewa hifadhi na familia ya Seaver. Mkakati ni ule ule wa siku zote: kipindi kinapozeeka, huletwa mtoto mpya mwenye sura ya kupendeza ili kukifufua. Hakikufufuka, kilimalizika 1992. Ila magazeti ya vijana yalikuwa tayari yameanza kuichapisha sura hiyo.

Mtoto aliyefika hapo huwa njia panda. Njia moja ni pana: kipindi kingine cha runinga, jina kwenye fulana, mshahara wa kila wiki, na kusahauliwa ukifika miaka 20. Ya pili ni nyembamba, na haionekani mwisho wake.

This Boy's Life ndiyo iliyomtia katika njia ya pili. Filamu hiyo ilitokana na kitabu ambamo mwandishi Tobias Wolff alisimulia utoto wake chini ya baba wa kambo mkatili. Baba huyo angeigizwa na Robert De Niro, mtu ambaye kufikia wakati huo waigizaji wa Marekani walimtaja kwa heshima kama ile wanagenzi wa ushairi wanayompa Muyaka. Mwelekezi Michael Caton-Jones na wenzake wanasemekana kuwapima vijana mia nne hivi. DiCaprio alikuwa na miaka 17. Alivyokuja kusimulia mwenyewe, katika usaili aliona kila mvulana akinywea mbele ya De Niro, basi yeye akaamua kusimama na kumpigia kelele usoni. Chumba kizima kikacheka. Kazi akaipata.

Itazameni filamu yenyewe mkibahatika. Kuna wakati De Niro anamkandamizia kijana chupa ya haradali usoni, akidai akiri kwamba haijaisha kabla ya kutupwa. Ni jambo dogo, la jikoni, na ndilo linalotisha. Kijana hajaribu kumshinda mkongwe kwa sauti. Anamtazama. Macho yake yanahesabu: nijibu nini ili kipigo kisije? Yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba yenye hofu atayajua macho hayo. Filamu ilipotoka Aprili 1993 haikuleta hata dola milioni tano katika majumba ya sinema ya Marekani, lakini watu wa kazi hiyo walikuwa wameona walichokiona.

Baada ya hapo likaja jaribu ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo kitovu cha habari hii. Alipewa nafasi katika Hocus Pocus, filamu ya wachawi ya kampuni ya Disney iliyotoka 1993, kwa kiasi cha pesa ambacho, kwa maneno yake katika mahojiano ya miaka ya baadaye, hakuwahi kukiota. Wakati huo huo kulikuwa na filamu nyingine ndogo ambayo alikuwa bado hajaitwa: hakuwa na ahadi yoyote ila ruhusa ya kufanya usaili. Washauri walimsihi achukue pesa. Aliacha pesa na kwenda usaili.

Lazima tukumbuke ni nani aliyekuwa akikataa. Huyu hakuwa mtoto wa tajiri anayechezea bahati. Ni kijana aliyeanza kazi hii kwa sababu aliona mamake akihangaika. Iwapo angeshindwa katika usaili huo, angebaki mikono mitupu, na pengine leo jina lake lingekuwa jibu la swali gumu katika mashindano ya maarifa ya baa.

Filamu aliyoipigania ni What's Eating Gilbert Grape, iliyoelekezwa na Lasse Hallström wa Uswidi na kutungwa na Peter Hedges kutokana na riwaya yake. Inahusu familia ya mji mdogo katika jimbo la Iowa, ingawa ilipigwa picha Texas. Baba alijinyonga. Mama, aliyeigizwa na Darlene Cates, amenenepa kwa majonzi hadi hatoki nyumbani. Gilbert, ambaye ni Johnny Depp, ndiye mwenye kubeba mzigo wote. Sehemu nzito ya mzigo huo ni mdogo wake Arnie, mwenye ulemavu wa akili, ambaye madaktari walisema hangevuka miaka kumi, naye sasa anakaribia kutimiza 18.

Arnie ndiye DiCaprio. Kabla ya kuanza kazi alitumia siku kadhaa katika makao ya vijana wenye ulemavu wa aina hiyo, akiwatazama, akizungumza nao, akichukua kutoka kwa huyu namna ya kuchezesha vidole na kutoka kwa yule namna ya kugeuza shingo. Hakuiga ugonjwa uliotajwa kitabuni, alimjenga mtu.

Mtego wa nafasi kama hii ni huruma. Waigizaji wengi wakipewa mhusika mlemavu humfanya malaika, mpole, mwenye hekima ya ajabu, ili mtazamaji atoe kitambaa afute machozi na kujiona mwema. Arnie wa DiCaprio si malaika. Ni msumbufu. Anapanda mnara wa maji wa mji hadi polisi waitwe. Anacheka pasipo mahali pa kucheka. Anarudia sentensi ile ile mpaka nawe uliyeketi kwenye kiti chako unatamani anyamaze, halafu unajionea aibu kwa kutamani hivyo. Na hapo ndipo unapomwelewa Gilbert. Kaka anamsahau Arnie ndani ya beseni la kuogea usiku kucha, na asubuhi tunamkuta angali mle, akitetemeka. Tangu hapo Arnie anayaogopa maji. Halafu kuna tukio la kumwamsha mama aliyekwisha kufa kitandani, akidhani anamtania. Nimelitazama mara tatu au nne kwa miaka tofauti na sijaona mahali ambapo kijana huyo anatuomba tulie.

Filamu ilitoka Desemba 1993 na kukusanya takriban dola milioni kumi tu Marekani, isifikie hata gharama zake. Hata hivyo, Februari 1994 jina la DiCaprio lilisomwa miongoni mwa watano walioteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kiume. Alikuwa na miaka 19. Wenzake walikuwa Ralph Fiennes, John Malkovich, Pete Postlethwaite na Tommy Lee Jones. Machi 21 tuzo ilimwendea Jones kwa kazi yake katika The Fugitive. DiCaprio amekiri kwamba usiku ule aliomba asishinde, kwa hofu ya kusimama na kuhutubia umati.

Kati ya filamu hizo mbili na zilizofuata kulitokea kifo ambacho hakiwezi kurukwa. Usiku wa kuamkia Oktoba 31, 1993, River Phoenix, aliyekuwa mwigizaji aliyesifiwa kuliko wote wa kizazi kile, alizirai kwenye kijia nje ya klabu ya Viper Room, Los Angeles, kutokana na mchanganyiko wa dawa za kulevya. Alikata roho akiwa na miaka 23. Alianza utotoni kama DiCaprio, aliteuliwa kuwania Oscar ile ile ya mwigizaji msaidizi akiwa kijana kama DiCaprio, na alizikimbia filamu rahisi kama DiCaprio. Jina la Phoenix lilikuwa limetajwa kwa nafasi ya mshairi Rimbaud katika Total Eclipse. Nafasi hiyo ikamwangukia mwenzake aliyebaki hai. Kuvaa viatu vya marehemu ni jambo zito katika mila yoyote ile, sembuse katika mji ambao haukujifunza mengi kutokana na msiba huo.

Mwaka wa 1995 ulikuwa wa misukosuko. Total Eclipse, iliyoelekezwa na Agnieszka Holland wa Poland, ilikosolewa vikali na haikufikisha hata dola 400,000 Marekani. The Basketball Diaries ilimwonyesha akiwa Jim Carroll, mwanafunzi hodari wa mpira wa vikapu anayezama katika heroini hadi kumlilia mamake pesa kupitia ufa wa mlango. Tukio hilo la mlangoni ni miongoni mwa mambo bora aliyowahi kuyafanya, ingawa filamu yenyewe ina mapengo. Katika The Quick and the Dead, filamu ya wapiga bastola, studio haikumtaka. Sharon Stone, aliyekuwa nyota na mtayarishaji mwenza, alimlipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Filamu hiyo nayo haikutamba.

Mhasibu angesema kijana ameanguka mara tatu mfululizo. Kwa vitabu vya hesabu alikuwa sahihi.

Aliyeuona upande wa pili wa hesabu alikuwa Baz Luhrmann wa Australia. Mwelekezi huyo alitaka kutengeneza Romeo na Juliet ya Shakespeare katika mji wa kisasa wenye bastola, magari ya wazi na fulana za maua, huku maneno ya karne ya 16 yakibaki yalivyo. Hakuna studio iliyokimbilia wazo kama hilo. DiCaprio alisafiri hadi Australia kwa gharama yake ili kushiriki mazoezi ya kulijaribu, na mazoezi hayo yaliyorekodiwa ndiyo yaliyowashawishi wenye pesa. Filamu ilipigwa picha Mexico, ikagharimu takriban dola milioni 14.5, na ilipotoka 1996 ikaingiza zaidi ya dola milioni 140 duniani. Katika tamasha la filamu la Berlin la 1997 alitunukiwa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora. Kwa mara ya kwanza sifa na mauzo vilikaa meza moja.

Ndipo James Cameron alipobisha hodi na meli yake ya dola milioni 200.

Kwa mujibu wa Cameron, siku ya mkutano wa kwanza wanawake wote wa afisi walitafuta sababu ya kuwemo chumbani. Siku ya pili DiCaprio aliletwa kufanya majaribio mbele ya kamera pamoja na Kate Winslet, naye akasema hasomi. Kwa wakati huo alijiona amevuka ngazi ya usaili. Cameron akampa mkono, akamshukuru kwa kufika, akamwambia kwamba asiposoma, nafasi hana. Alisoma. Cameron anasema alisoma shingo upande hadi aliposikia neno la kuanza, na papo hapo akawa Jack.

Lakini mvutano mkubwa ulikuja baadaye, na unaeleza kila kitu kilichotangulia. DiCaprio alimwona Jack Dawson kuwa mtu asiye na chumvi. Hana ulemavu, hana uraibu, hana kidonda cha moyoni. Kijana aliyeupata umahiri wake kwa kuigiza waliovunjika alitaka apewe kitu cha kushika, walau kasoro moja. Cameron alikataa. Alimweleza kwamba kusimama katikati ya picha bila fimbo ya kuegemea, kama walivyofanya James Stewart na Gregory Peck, ndiko kugumu zaidi, na kwamba labda hakuwa tayari kwa ugumu huo. Kijana alipoliona jambo hilo kama changamoto, alikubali. Kwa ajili ya Titanic aliiacha Boogie Nights ya Paul Thomas Anderson, uamuzi ambao miaka mingi baadaye alisema aliujutia.

Yaliyofuata yanajulikana. Wiki kumi na tano mfululizo katika nafasi ya kwanza Marekani. Zaidi ya dola bilioni 1.8 duniani katika maonyesho ya awali. Uteuzi 14 wa Oscar na ushindi 11. Mkewe wa kisinema, kwa maana ya Winslet, aliteuliwa. Yeye hakuteuliwa, na usiku wa Machi 23, 1998, hakuhudhuria sherehe. Wapiga kura walikuwa wameanza kuona sura na kusahau kazi, kama sisi tulivyofanya kwenye safu zetu mbili. Oscar yake ya kwanza aliipata Februari 2016, kwa The Revenant, miaka 22 baada ya ule uteuzi wa Arnie.

Bado kuna uzi mmoja wa miaka ile ya mwanzo unaostahili kufuatwa. Walipokuwa wakitengeneza This Boy's Life, De Niro alizungumza na rafiki yake, mwelekezi Martin Scorsese, akamdokezea kwamba kuna mtoto anayefaa kufanya naye kazi siku moja. Scorsese amesema De Niro hakuwa mtu wa kutoa sifa kama hizo ovyo. Maneno hayo yalikaa takriban miaka kumi kabla ya kuzaa Gangs of New York mwaka wa 2002, na baada yake zikafuata filamu nyingine tano ndefu za Scorsese na DiCaprio. Ya sita, Killers of the Flower Moon ya mwaka wa 2023, iliwakutanisha tena wanaume wale wawili mbele ya kamera. DiCaprio, akielekea miaka 50, aliigiza mpwa dhaifu anayeburuzwa na mjomba katili. Mjomba ni De Niro. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu ile chupa ya haradali.